Kutoka Utende hadi Juani kuwatazama kasa wakianguliwa

Safari ya kuwaona kasa wa Juani, kwenye visiwa vya Mafia, hupangwa na maji. Tulitoka Utende, kijiji cha kisiwa kikuu cha Mafia, kwa boti bahari ikiwa imejaa. Ikishakupwa, boti huishia mbali na abiria humalizia kwa miguu majini. Magofu ya Kua, mji wa kale wa Juani, tuliyaacha. Tulikata mashamba na vichaka hadi ufuko wa mashariki, unaotazama bahari kuu. Viatu vya kufunga vinafaa kuliko ndala.

Wanaotaga hapa zaidi ni kasa uziwa, mla nyasi za bahari. Jike huchukua miaka 20 au zaidi kupevuka, kisha harudi kutaga kila mwaka, bali baada ya miaka 2 hadi 4. Hupandana majini. Dume utamjua kwa mkia mrefu, na kwa kucha za makasia (miguu bapa ya kuogelea) ya mbele anazong'ang'ania nazo gamba la jike, pengine kwa saa nyingi. Jike huweza kupandwa na madume kadhaa, akahifadhi mbegu zao na kuzitumia kwa matago yote ya msimu, takriban kila wiki 2.

Usiku hupanda juu ya alama ya maji makuu, akachimba shimo la kulaza mwili, halafu kwa makasia ya nyuma shimo jembamba la mayai. Mayai ni mia na kitu. Tochi au watu mbele yake humrudisha baharini bila kutaga, ndiyo maana mgeni asiye na mlinzi wa viota hana kazi ufukoni usiku.

Akitaga chini mno, maji ya bamvua, yanayojaa kuliko kawaida, huyakosesha mayai hewa. Walinzi huyahamisha mapema, saa chache tu baada ya kutagwa, bila kuyageuza: kiinitete kikishajishika kwenye ganda kwa juu, kuligeuza yai ni kukiua. Joto nalo lina lake. Mchanga ukizidi takriban nyuzi 29, majike huwa wengi kuliko madume.

Kiota chetu kilikuwa na tarehe. Huhesabiwa kama siku 55 tangu kutagwa, zaidi kukiwa na baridi. Mchanga ulibonyea katikati, vichwa vikatokea, kisha wakamiminika kwa pamoja. Simama nyuma ya kiota, fukia nyayo zako kwenye njia yao (kwa kinda, unyayo ni shimo la kukwama kaa wakimfuata), usiwabebe na usiwashe taa ya kamera.

Baadaye kiota hufukuliwa. Maganda matupu huhesabiwa, pia makinda waliofia ndani na mayai yasiyoanguliwa. Malipo ya anayeripoti kiota yalipangwa hivi: kiasi kidogo mwanzoni, kingine kulingana na makinda waliotoka hai. Naona huo ni ujanja mzuri, kwani kiasi cha pili ndicho kinachomfanya alinde kiota kwa muda wote huo.