"Nimenukuliwa vibaya"

Jana baada ya Isha, barazani kwetu hapa Wete, Pemba, kijana mmoja alituonesha klipu ya mheshimiwa. Chama chake sikitaji, maana klipu za namna hii kila upande unazo. Yuko jukwaani, jasho linamtoka, anawaambia watu kuwa wale wa upande wa pili hawana haki na visiwa hivi. Makofi, vigelegele. Klipu ya pili kaulizwa na mwandishi kuhusu maneno yale. Kajibu amenukuliwa vibaya, na kwamba wanaoisambaza video ndio wachochezi.

Kanukuliwa vibaya na sauti yake mwenyewe?

Wenzangu walimtetea: jazba za jukwaa tu hizo. Mimi hapo nakataa. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume na mpinzani wake Maalim Seif walikutana kupatana, na hadi kufika kura ya maoni ya Julai 31, 2010 juu ya serikali ya umoja, majukwaa yalikuwa yamepoa. Wanasiasa walikuwa walewale na ndimi zao zilezile. Kumbe breki zipo, wakitaka wanazikanyaga.

Wapemba hatuna haja ya kuhadithiwa maneno hayo huishia wapi. Baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 20, 2016 watu walisusiana madukani, hata mazikoni. Kulikuwa na mzee mtaani kwetu, miguu inamuuma, akipita mbele ya duka la jirani yake na kikapu chake, kichwa kakigeuzia upande wa pili wa njia, anakwenda kutafuta sukari huko mbali. Mwenye duka kakaa nyuma ya mizani anamtazama. Wawili hao walikuwa wakipelekeana futari miaka yote. Na mikarafuu ya watu ikakatwa usiku, mti ambao mtu hupanda akitarajia na wajukuu wachume. Sikumsikia kiongozi hata mmoja, wa huku wala wa kule, akisema: haya na mimi nimeyachangia.

Januari ya mwaka huohuo, kwenye shamrashamra za Mapinduzi kule Unguja, lilibebwa bango la kuwabagua machotara. Chama tawala kililaani. Vyema, ila bango lilibebwa na vijana, na kijana ni rahisi kumkana. Akisema mkubwa mwenyewe, wasaidizi wake huanza kutuuliza sisi tuna nia gani hata tunauliza.

Ami mmoja akaniambia, "Mwanangu, unataka akupigie magoti?" La, ami. Nataka arudi uwanja uleule, ashike kipaza sauti mbele ya watu walewale waliompigia makofi, aseme nilikosea kuwasema wenzetu vile. Taarifa ya msemaji wake kwa waandishi hainitoshi, maana waliopiga makofi hawatoisoma.

Ami akacheka, akaagiza kahawa nyengine. Wiki ijayo mheshimiwa ana mkutano, na gari la matangazo limeshaanza kupita.