Hela za Matibabu Marekani Zinaishia Wapi?

Mwaka 2023 Marekani ilitumia dola trilioni 4.9 kwenye afya, asilimia 17.6 ya pato la taifa. Ukigawa kwa kichwa ni dola 14,570, mtoto mchanga akiwemo. Nikiwatajia ndugu zangu nyumbani Tanzania, wanadhani basi huku tunatibiwa kifalme.

Wengine husema sababu ni wazee wengi. Haya, Japani ina wazee wengi zaidi, lakini inatumia kama asilimia 11 ya pato lake, na watu wake wanaishi miaka mingi kuliko Wamarekani. Wala si kwamba Wamarekani hawabanduki hospitali. Mjapani humwona daktari mara nyingi zaidi yao.

Mimi naandaa madai ya bima kwenye kliniki moja hapa Minnesota. Mgonjwa wa kisukari anakuja, daktari anaongea naye robo saa, anampa dawa, anaondoka. Hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Kila ugonjwa na kila huduma ina namba yake ya kudaia bima: kisukari cha aina ya pili kisicho na madhara mengine ni E11.9, na ziara ya kawaida kama hiyo mara nyingi ni 99213. Naingiza, natuma. Baada ya siku kadhaa dai linarudi: jina la kadi ya bima na jina tulilonalo halifanani, maana mama wa watu aliolewa. Napiga simu, nawekewa muziki mpaka nimeukariri. Anayepokea naye ameajiriwa kukagua ninachotuma. Mshahara wangu na wake vyote vimo ndani ya zile dola 14,570, na hakuna hata mmoja wetu aliyemgusa mgonjwa.

Lakini makaratasi ni nusu ya habari tu. Hiyo 99213 moja ina bei chungu nzima: kampuni hii ya bima imekubaliana na kliniki bei yake, ile ya kwake, Medicare (bima ya serikali iliyoanzishwa 1965, hasa kwa wazee) inalipa kwa viwango vyake, na asiye na bima anaandikiwa bei ya orodha ya kliniki, ambayo kwa kawaida ndiyo kubwa. Yaani mnyonge ndiye anayetajiwa bei ya juu. Japani kuna orodha moja ya bei kwa nchi nzima, inayopitiwa kila baada ya miaka 2. Mwaka 2003 watafiti wanne, akiwemo mchumi marehemu Uwe Reinhardt, walilinganisha nchi tajiri wakaona kinachoitofautisha Marekani ni bei, si wingi wa matibabu. Mwaka huohuo sheria ikaizuia serikali kujadiliana bei za dawa za Medicare. Kizuizi hicho kililegezwa 2022, kwa baadhi ya dawa tu.

Na bima yenyewe wengi wanaipata kazini, mtindo ulioshika kasi wakati wa Vita Kuu ya Pili, mishahara ilipozuiwa kupanda na waajiri wakatafuta njia nyingine ya kuvutia wafanyakazi. Ndiyo maana utamkuta Mtanzania mwenzetu amechoka na bosi wake lakini habanduki, mtoto ana pumu.

Tangu sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe nyumbani mwaka 2023, swali ninalolisikia zaidi ni mchango utakuwa shilingi ngapi. Mimi ningeuliza kwanza nani atapanga bei ya kipimo, na fomu itapita mikono mingapi kabla hospitali haijalipwa.