Kuchuchumaa mbele ya sebule ya 1976

Nilishuka stesheni ya Hoxton, mashariki mwa London, manyunyu yakiwa yameshanitangulia. Begani lenzi tatu; nikaja kutumia moja tu. Hatua chache kutoka hapo lipo jumba la Museum of the Home, safu ya nyumba za matofali zilizojengwa mwaka 1714 kuwahifadhi wazee maskini, zikageuzwa makumbusho mwaka 1914. Ndani yake vyumba vimepambwa zama baada ya zama.

Vile vya kale nilivipita upesi. Safari yangu ilikuwa ya sebule moja: ya 1976, ya familia yenye asili ya Karibi. Maua ukutani, maua kwenye zulia, vitambaa vya kufuma kila palipo na nafasi ya kuviweka.

Picha ya kwanza ilitoka safi mno, utadhani tangazo la muuza fanicha. Kosa ni langu: niliiachia kamera ijisawazishie rangi, nayo ikaufuta umanjano wote wa taa. Nikaifunga kwenye kelvini 5,500, kipimo cha mwanga wa mchana, ule ambao filamu nyingi za rangi za enzi hizo zilitengenezewa. Umanjano ukarudi. Kisha nikachuchumaa, maana macho ya aliyesimama ni ya mgeni anayepita. Mwenye sebule huiona akiwa ameketi. Shata, kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, niliiacha wazi sehemu 1 ya 15 ya sekunde, bega ukutani, pumzi nimeibana.

Hapo nikakwama. Je, nakifuata chumba kilivyokuwa, au picha za albamu zinavyokikumbuka? Za albamu zilipigwa kwa flashi ya usoni, kivuli cheusi nyuma ya kila kichwa. Na ule wekundu tunaouita rangi ya miaka ya sabini, mara nyingi ni wino wa samawati wa picha uliofifia kabla ya wenzake, ukaiacha picha nyekundu. Kuta hazikuwa hivyo. Nikaamua kukifuata chumba. Wekundu wa kuongezwa kwa kompyuta naona ni uvivu, ingawa nami nimeshautumia.

Kwenye treni nikazikuza picha moja moja. Ile niliyoipenda kuliko zote ina kabati la vioo pembeni, na ndani ya kioo, wazi kabisa, nimechuchumaa mimi na koti langu la mvua la plastiki, simu ikiwaka mfukoni.