Umerudi Mbeya, mpira umebaki kwenye magoti

Ukirudi Mbeya baada ya miaka ya kucheza mpira wa kulipwa nje, mteremko ndio unaokuambia ukweli kabla ya daktari. Kupanda utapanda bila shida. Kushuka ndiko kuna kazi: msuli wa mbele wa paja unakuwa breki, na pia ya goti inagandamizwa kwenye mfupa wa paja kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Loleza, na barabara tambarare ni za kutafuta.

Nyumbani watasema ni baridi yabisi, au maji ya goti yameisha. Wanasema kwa mapenzi, lakini kinacholika ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likilika halirudi kama zamani. Aliyewahi kukatika ACL, kano ya ndani ya goti, au kuondolewa kipande cha meniskasi, ule mto wa kati ya mifupa ya goti, goti lake huanza kulika mapema, hata kama alipasuliwa vizuri na akarudi uwanjani. Baridi ya Juni na Julai hailisagi goti, inalikaza tu. Vaa suruali nzito asubuhi na uanze siku polepole.

Usizoee diklofenaki ya duka la dawa. Klabuni tulimeza ili tucheze Jumamosi, na kulikuwa na daktari anayeangalia. Ukimeza kila siku peke yako, tumbo linapata vidonda, figo zinaumia na presha inapanda. Usiichanganye na ibuprofeni, hizo ni ndugu. Sindano za steroidi nazo hupoza kwa wiki kadhaa, ila zikirudiwa mara kwa mara zinadhoofisha kano na gegedu lenyewe.

Dawa ya goti ni paja lenye nguvu, na kifaa ni kiti cha mezani. Kaa, kunja mikono kifuani, simama, kisha keti ukihesabu hadi tatu. Mara 10, pumzika, rudia hadi mizunguko 3. Goti likilalamika, weka blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili usishuke chini sana. Malizia kwa kusimama mguu mmoja sekunde 30 kila upande, kwa ajili ya enka zilizoteguka mara nyingi. Fanya siku tatu kwa wiki, na usitegemee kuona tofauti kabla ya wiki sita hadi nane. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si tatizo. Goti likiamka limevimba kesho yake, ulizidisha, kwa hiyo punguza mzunguko mmoja. Baiskeli pia ni nzuri, lakini wengi huweka kiti chini ili mguu ufike ardhini, na hapo ndipo mbele ya goti panapouma. Pandisha kiti mpaka pedeli ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjwa kidogo tu.

Halafu sahani. Wali wa Kyela, ndizi za Tukuyu, viazi, na kila nyumba inataka ule kwao. Mwili uliozoea mazoezi mara mbili kwa siku sasa unakaa, na kila kilo unayoongeza inaongeza mzigo wa kama kilo nne kwenye goti kwa kila hatua. Punguza wali nusu, maharage na mboga usipunguze. Pima presha na sukari mwaka huohuo wa kwanza.

Mechi ya maveterani ni ngumu kuikataa, na hatusemi uikatae. Lakini uwanja wa kiangazi ni mgumu kama saruji, asubuhi kuna baridi, na watu wanaingia bila kupasha. Pasha dakika 15, cheza 20, toka. Ukisikia kama umepigwa jiwe kisigino kwa nyuma na hakuna aliyekugusa, lala kifudifudi, mwenzako abane kigimbi. Unyayo usiposogea, kano ya kisigino imekatika. Asikuchue mtu wala kukukanda kwa maji ya moto: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mabeki wa kati, mipira ya kichwa acheni sasa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow wa 2019, juu ya wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland, ulikuta vifo vinavyotokana na magonjwa ya kuharibika ubongo ni kama mara tatu na nusu ya watu wengine. Mke na ndugu wajue dalili: kusahau, hasira zisizo na sababu, kupotea njia unayoijua.

Ambaye bado hajapanda ndege, adai makaratasi. Mshahara usiolipwa na klabu ya nje, FIFA haisikilizi dai lililopita miaka miwili. Chukua picha zote za MRI na ripoti ya upasuaji. Daktari wa huku atataka kujua kano mpya ilitolewa wapi, nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, na skrubu ni ya madini gani. Iombe kwa maandishi ukiwa bado huko, maana madaktari wa klabu huhama kama makocha.