Gundi

Jana jioni mwanangu alikuwa mezani anabandika picha za wanyama kwenye manila, kazi ya shule, na gundi ameimwaga kama uji. Nikapita kuchukua chumvi, ile harufu ikanipata, nikajikuta nimesimama tu pale mpaka maharage yakaanza kuungua jikoni.

Mnaomjua mzee wangu wengi mnamjua kama diwani. Wengine mnamjua zamani zaidi, yule wa ofisi ya usajili aliyekuwa anagonga muhuri kwenye transkripti zenu. Siasa aliitamani tangu sisi wadogo tunaishi Kihesa, Iringa. Alikuwa anatusimulia habari za Pius Msekwa, kwamba huyu alikuwa Katibu Mtendaji wa TANU, 1970 akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halafu 1994 akawa Spika wa Bunge. Kwa baba huo ulikuwa ushahidi kwamba mtu aliyezoea kutunza mafaili ya watoto wa watu anaweza kupewa na mambo ya nchi. Halafu 2000 Profesa Mwandosya, mhandisi aliyefundisha pale Mlimani, chuo hicho hicho cha Dar, akaingia Bungeni kutoka Rungwe Mashariki, mtu wa huku huku kwetu nyanda za juu, basi baba akawa hashikiki.

Ila mi nilitaka kusema habari ya gundi.

2003 nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Juni nashinda ofisini kwa baba kwa sababu nyumbani hakuna mtu. Bodi ya Mikopo ilikuwa bado, ilianza kazi 2005, na chuo cha baba kilikuwa cha binafsi, kwa hiyo ada ni ya mzazi mwenyewe, mwenye mahindi auze mahindi, mwenye ng'ombe auze ng'ombe. Jumatatu moja asubuhi na mapema baba akanipa karatasi mbili na chupa ya gundi, akaniambia nenda kabandike kwenye ubao nje ya ukumbi. Nikabandika, tena nikanyoosha vizuri na kiganja zisipate mikunjo, nikajiona mtu mkubwa. Yalikuwa majina ya wasioruhusiwa kufanya UE, ule mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, kwa sababu ya ada. Nilisoma kichwa cha habari nikaelewa, sikufikiria zaidi ya hapo, nikaenda bombani kunawa.

Miaka ikapita, baba akastaafu, na 2015 akachukua fomu ya ubunge. Watia nia walikuwa saba, chama kinawazungusha wote pamoja tawi kwa tawi, kila mmoja anapewa dakika zake chache za kujinadi halafu maswali. Siku ya zamu ya kijijini kwetu nilitoka mjini na basi la asubuhi, nikakaa kwenye nyasi na mama wadogo zangu uwanja wa shule ya msingi. Julai, baridi ya kule mnaijua, watu wamejifunika mablanketi, upepo unavuma kwenye milingoti mpaka spika inakoroma. Baba akasimama akasalimia "Kamwene!" watu wakaitikia, akaongea vizuri, taratibu, kama anasoma sheria za mtihani.

Yakaja maswali. Nyuma kabisa akasimama mwanaume mmoja kavaa gambuti na koti la mvua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Unanikumbuka?"

Baba akavua miwani, akaifuta na shati, akavaa tena. Akamtazama muda mrefu. Halafu akamtaja, majina yote matatu, na namba ya usajili juu yake. Watu wakapiga makofi, mama mdogo akanipiga bega kwa furaha, mi mwenyewe nikajua leo tumeshinda.

Yule kaka hakupiga makofi. Akasema, "Basi kama unanikumbuka, unakumbuka na UE ya mwaka wa tatu sikufanya. Nilibakiza elfu themanini. Baba yangu alikuwa anakuja nayo Alhamisi, mtihani ulianza Jumatatu. Nilifika ubaoni asubuhi karatasi bado mbichi, nikagusa jina langu gundi ikabaki kidoleni."

Katibu wa tawi akamwambia uliza swali ndugu, acha hadithi. Baba akamnyooshea mkono katibu, mwache. Halafu akageuza kichwa akaniangalia mimi, katikati ya watu wote wale, sekunde moja tu labda mbili, na hakuna mtu mwingine pale uwanjani aliyejua kwa nini.

Nilijua anaweza kujitetea. Ile amri ilitoka juu yake, barua yake niliiona mezani, na nilijua alikuwa amewaombea wiki mbili zaidi akakataliwa. Nilikuwa namuombea aseme tu ilikuwa menejimenti, aseme basi.

Akasema, "Nilisaini mimi." Akanyamaza. Akasema tena, "Sina jibu lingine, kijana wangu."

Yule kaka akakaa. Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea, upepo tu. Akaitwa mtia nia mwingine.

Ubunge alikosa, alikuwa wa tatu, na pale kijijini kwetu ndo kura zilikuwa chache kuliko nilivyotegemea. 2020 akagombea udiwani akapata, na walioingia naye kwenye baraza la madiwani wanasema hakuna kikao alichoacha kuuliza habari ya mabweni na watoto waliokosa michango. Wanasema ndiyo tabia yake. Mi nikisikia hivyo naona koti la mvua.

Sijui kama siku ile nilitakiwa kusimama. Kusema nini sasa, kwamba nilibandika mimi? Nilikuwa mtoto, najua. Lakini baba alinificha mbele ya watu na mi nikakubali kufichwa.

Jana baada ya kumwaga yale maharage nilimpigia, yuko shamba na parachichi zake. Nikamuuliza, baba, yule kaka wa UE uliwahi kumtafuta?

Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akaniuliza kama mjini mvua imenyesha.