Wewe kila kitu subiri

"Wewe kila kitu subiri." Salum ameshapanda basi, ameshafika Dar, mimi bado nimebaki na maneno yake.

Alikuwa ananisafishia kompyuta ya darizi, na nilimshukuru kwa hilo. Akafungua orodha ya programu, akaanza kusoma kwa sauti: Microsoft Visual C++ 2005, 2008, 2010, 2012, 2013, 2015-2022, karibu kila moja ipo mara mbili. "Dada, vya 2005 hivi vya nini? Futa." Nikamwambia subiri. Ndipo aliposema.

Hakusema kwa ubaya. Lakini kuna kiwanja nilichokisubirisha, ndiyo maana neno lile limenichoma. Sweta za shule zimekwisha, posa ya Mwanaidi imepokelewa, na kila nikilala nasikia hilo tu. Kila kitu! Kwani nini kingine nilichokisubirisha?

Jana usiku nikakaa na ile orodha. Vile vya Visual C++ si vitu vya kufungua ukatumia. Ni maktaba, mafaili ambayo programu nyingine huyategemea ili ziwake. Ya 2013 haishiki nafasi ya 2010. Kuanzia 2015 ndipo Microsoft walipoziunganisha. Zile jozi nazo, moja ni ya biti 32 na moja ya biti 64, na programu ya biti 32 inataka ya kwake. Windows haikwambii nani anategemea ipi. Utajua siku ukibofya programu ikakujibu MSVCR100.dll haipo, yaani faili la ile ya 2010.

Nikatoa sidii iliyokuja na mashine ya kudarizi, ile yenye mkwaruzo pembeni. Ndani yake kuna faili linaitwa vcredist_x86, la kuweka maktaba hizo za biti 32. Nikafungua maelezo yake: 2010. Yaani programu ya kudarizi inategemea ile ya 2010; nembo zote ninazodarizi, hata ile ya mnazi inayonipa kazi kila Januari, zinapitia hapo!

Nilifurahi, jamani. Nikainuka nikapika chai saa sita usiku.

Salum ana hoja moja ya kweli: ya 2010 Microsoft waliacha kuirekebisha tangu 2020, na kitu kisichozibwa matundu ni hatari. Ila kompyuta hii haiingii intaneti, kazi zote nahamisha kwa flashi. Na zote kwa pamoja hazifikii hata video moja ya harusi zilizojaa mle. Video ndizo zitakazoondoka. Maktaba zinabaki, pamoja na ile ya 2005 nisiyemjua mwenyewe.

Mguu wa mama umevimba tena tangu asubuhi, na hospitali hataki kuisikia mpaka Mwanaidi aolewe.