Tulivyoikimbia Premio

Desemba 2019 ukoo wetu wa Mbale, mashariki mwa Uganda, ulipanda Kapchorwa kumposea kaka yangu mchumba. Magari yalikuwa mawili: Premio ya shemeji, na taksi ya kukodi, Hiace ya zamani ya dizeli yenye injini ya aina iitwayo 3L. Ubishi wa asubuhi ile haukuhusu mahari, wala nani atakuwa msemaji. Ulihusu taa ndogo ya njano kwenye dashibodi ya Premio.

Taa yenyewe ina umbo la injini, na madereva wanaiita cheki injini. Shemeji alikuwa ameizoea mpaka haioni tena. Shangazi aliiona kabla hajaketi. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani, akaurudisha nje, akaikusanya gomesi yake, lile gauni refu la heshima, vizuri, akasema, "Mkwe wangu, gari lako linaumwa."

Shemeji akaliwasha ili sote tusikie injini inavyolia vizuri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Sauti ya mwanamke wa Kijapani ikatoka kwenye dashibodi, ya upole, yenye masikitiko kidogo. Wengi wenye magari yaliyoshushwa kutoka Japani wanamjua mama huyo. Anachosema ni kwamba kadi ya ETC, ya kulipia barabara zao kuu, haijawekwa. Barabara zenyewe ziko hukohuko Japani. Shangazi hakutaka maelezo. "Gari lenyewe linasema, nyinyi mnakataa kulisikiliza."

Basi tukapitia gereji moja jirani na mnara wa saa. Fundi akachomeka kifaa chake kwenye tundu lililo chini ya usukani. Tundu la aina hiyo Marekani ililazimisha liwepo kwenye magari mapya yote kuanzia modeli za 1996, kwa ajili ya kudhibiti moshi, na nchi nyingine zikafuata kwa wakati wao. Nataja moshi makusudi. Mfumo ule ulitungwa kulinda hewa. Abiria kufika salama lilikuwa jambo jingine.

Kifaa kikatoa namba mbili, P0420 na P0128. Ya kwanza inasema kwamba masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, hayafanyi kazi inavyotakiwa. Kwa magari yetu mara nyingi hayapo kabisa. Ndani yake mna platini na paladi, na kuna watu wanaoyakata na kuyauza, kwa hiyo ukiliacha gari lilale kwenye gereji ya mtu usiyemjua, usishangae likirudi na sauti nzito. Namba ya pili inasema injini inachelewa kupata moto wake. Hilo nalo halikuwa la ajabu, maana fundi fulani wa zamani alikuwa ameing'oa thamostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto, kwa ile imani kwamba nchi ya joto haina haja nayo.

Ukizisoma namba hizo kwa utulivu, unaona gari linalochafua hewa na kunywa petroli kuliko kawaida. Fundi hakuzisoma kwa utulivu. Aliziandika kwenye kipande cha boksi, akapiga mstari chini ya kila moja, akatangaza, "Injini ina makosa mawili makubwa. Msipande nalo mlima." Wazee walipoona maandishi, kesi ikaisha.

Baba Mdogo alijaribu kuitetea. Yeye aliendesha lori kati ya Mombasa na Kampala miaka mingi, enzi ambazo pale mpakani Malaba mtu alipika na kufua nguo akiwa kwenye foleni. Akamuuliza shemeji: breki zikoje? Nzuri. Usukani? Mzuri. Petroli haivuji popote? Haivuji. "Basi hilo ni gari," akasema. Lakini msemaji wa posa hawezi kuanza siku kwa kugombana na shangazi wa bwana harusi. Naye akapanda Hiace pamoja na wazee wenzake. Vijana wakaachiwa Premio na ugonjwa wake. Mimi niliwekwa Hiace mbele, katikati, nimeshika bahasha.

Hiace haikuwa na taa ya cheki injini hata ya kuigiza. Kwenye 3L ile pampu ya dizeli ni gia na springi, hakuna kompyuta ya kuulizwa, kwa hiyo hakuna wa kuishtaki. Dereva alipoiwasha, kitu fulani chini ya kiti changu kilipiga mluzi mkali kwa muda mfupi, kikanyamaza. Hakuna aliyegeuza shingo. Mluzi ule unasikika stendi nzima ya Mbale kila kunapopambazuka.

Kupanda kulikuwa kwema. Ukishapita Sironko na Muyembe, barabara inaukabili mlima Elgon na kuanza kujizungusha, na masikio yanaziba. Posa nayo sina mengi ya kuisimulia: tulipokelewa, tulilishwa, mahari ilipandishwa ikashushwa. Ilipofika mahali pa kukwama, mzee mmoja wa upande wao akaingiza habari za Joshua Cheptegei, mtoto wa Kapchorwa, ambaye Oktoba hiyohiyo alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa mita 10,000 kule Doha. Baada ya hapo wote wakawa ndugu na hesabu zikaenda haraka.

Tulianza kushuka jioni, mvua imetoka kunyesha. Premio ilikuwa nyuma yetu.

Mtu asiyejua Hiace za zamani inabidi aelezwe kwamba injini iko chini ya viti vya mbele. Mimi nilikuwa nimeikalia. Nilisikia joto lake kupitia suruali, na kabla ya Sipi nikaona taa nyekundu yenye picha ya betri ikiwaka, ikizimika, ikiwaka tena. Nikamwonyesha dereva. "Hiyo ni waya tu," akasema. "Asubuhi ilifanya hivyohivyo." Hata Shangazi, aliyekuwa kiti cha nyuma yangu, hakuijali. Ilikuwa ndogo, na picha yake ni ya betri. Betri ikifa gari linasukumwa.

Tulipoyaacha maporomoko ya Sipi nyuma yetu, bonde likafunguka upande mmoja, na tambarare yote ya chini ikaonekana chini ya ukungu. Hapo nikasikia kitu kikipiga bati chini ya makalio yangu, pigo moja kavu, kisha kama kamba inayoburuzwa. Taa nyekundu ikawaka moja kwa moja. Injini haikuzimika. Ndiyo iliyotudanganya: ilinguruma vilevile.

Dereva alikanyaga breki kabla ya kona, gari likapungua mwendo. Akaachia. Akakanyaga tena, likapungua kidogo. Mara ya tatu nilimwona akiinuka kitini. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Ndala yake ilichomoka, akabaki anakanyaga kwa mguu mtupu, mikono imeuvuta usukani ili apate nguvu ya kusukuma chini, na mshipa wa shingo umesimama. Akaanza kuipiga pedali harakaharaka.

"Usiipige!" Baba Mdogo alipaza sauti kutoka nyuma. "Usiipige, kijana! Kanyaga mara moja, ushikilie! Gia! Rudisha gia!"

Shangazi akaanza kusoma dua, kwa sauti ambayo naamini walioko kwenye Premio waliisikia. Dereva akaingiza gia ya pili. Injini ikalia, vichwa vyetu vyote vikaenda mbele pamoja. Akakaza miguu yote miwili juu ya pedali, akaniambia mimi nivute handibreki, nami nikaivuta kwa mikono yote miwili, bahasha imeangukia sijui wapi. Harufu ya breki zinazoungua ikajaa ndani. Tuliingia kona ile taratibu kuliko nilivyotegemea, lakini hatukusimama. Aliielekeza Hiace kwenye mtaro wa upande wa mlima, tairi za kushoto zikashuka ndani, bodi ikakwaruza udongo mrefu, na gari likaegemea pale kwa hasira.

Hakuna aliyeumia. Baba Mdogo hakungoja shukrani za Mungu ziishe. Aliwatuma vijana wa Premio wakate matawi na kuyapanga barabarani, mbali, juu ya kona, siyo karibu nasi. "Kilichobaki kutuua sasa ni kusimama hapa," alisema, na alikuwa na haki. Ni mara ngapi tunasikia ajali ya usiku ambayo kiini chake ni lori lililoharibika, limeachwa njiani bila taa, mtu analijia kutoka nyuma? Lori lenyewe linakuwa halijamgusa mtu tangu injini izime.

Kisha akainua kiti nilichokuwa nimekalia, akachomoa vipande vya mkanda. Vilikuwa vyeusi, vimelowa oili, na ukivikunja vinaonyesha nyufa. Akanionyesha kwa tochi ya simu huku injini bado inatoa joto usoni mwetu.

Breki za gari hazisukumwi na mguu peke yake. Kuna busta, inayomwongezea dereva nguvu kwa kutumia hewa iliyonyonywa. Injini ya petroli huifanyia kazi hiyo yenyewe. Ya dizeli hainyonyi vya kutosha, ndiyo maana inapewa pampu yake, na kwenye 3L pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alteneta, mashine inayozungushwa na mkanda kuchaji betri. Mkanda ukikatika, alteneta inasimama na pampu inasimama nayo. Busta inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, na ukiipiga pedali kwa pupa unaimaliza mapema zaidi. Breki zenyewe hazijafa. Unabaki nazo wewe na paja lako, na gari limejaa wazee.

Mpira mdogo wa oili wa pampu ile ulikuwa umepasuka, ukawa unaudondoshea mkanda. Mkanda uliolowa unateleza: ndio ule mluzi wa asubuhi, ndiyo ile taa ya betri iliyokuwa ikiwaka na kuzimika. Gari lilikuwa limeripoti mara mbili, kwa lugha yake, na hakuna kifaa chochote ambacho kingechomekwa popote kikaonyesha namba.

Tangu siku ile mtu akiniambia gari fulani lina kosa la injini, namuuliza kosa hilo likizidi litachukua nini. Likichukua nguvu ya kupanda kilima, utachelewa. Likichukua petroli nyingi, utalia kituoni. Lakini mvujo wa petroli karibu na ekzosi unaweza kuwaka moto. Turbo ya dizeli, ile feni inayoisukumia injini hewa, ikiharibika sili zake, injini inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe na kukimbia hata ufunguo ukizimwa. Na injini inayozimika ghafla mwendoni ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari kwa mamilioni yarudi kurekebishwa kwa sababu ya swichi ya ufunguo iliyoweza kujizima gari likitembea. Usukani na breki vinapoteza msaada, mifuko ya hewa haifunguki. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Kosa lilikuwa kwenye kipande kidogo ambacho mtu angekiita cha umeme. Cheki injini ya njano iliyotulia, kwa kawaida, ina subira ya kukufikisha kwa fundi. Ikipepesa, maana yake injini inakosa moto kwenye silinda, punguza mwendo. Nyekundu ya oili au ya joto haitaki mjadala, simama.

Giza lilikuwa limeingia tulipoanza kuwashusha wazee Muyembe kwa awamu, ndani ya Premio ileile, taa ya njano ikiwaka. Shangazi alipanda wa kwanza. Hakusema neno kuhusu taa.

Hiace ilivutwa asubuhi. Dereva alikuja kudai salio lake jioni ileile, na Baba Mdogo akampa nusu. Nusu nyingine, alimwambia, ataipata akileta gari nyumbani likiwa na mkanda mpya na mpira mpya wa oili. Kijana akanung'unika kwamba yeye siyo mwenye gari. Alilileta hata hivyo, wiki hiyohiyo.

Baba Mdogo akainua kiti, akausukuma mkanda kwa kidole gumba, akapitisha kitambaa chini ya pampu na kukitazama kama kina oili. Halafu akamwambia dereva azime injini, aikanyage breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, abaki ameikanyaga hivyo, kisha awashe. Injini ilipowaka, mguu wa dereva ulishuka kidogo wenyewe. "Umeisikia?" Baba Mdogo akauliza. Kijana akasema ameisikia. Akamrudisha afanye tena, mbele ya macho yake, ndipo akaingiza mkono mfukoni kutoa pesa.